Kyeni Kwenye Zamu

Pauline Kavutha alikuwa mtu wa kushika neno moja na kulirudia mpaka umkubalie au uhame mtaa. Mwaka ule neno lake lilikuwa Kyeni. Kwa Kikamba kyeni ni mwanga, na ndilo jina ambalo Reuben Masila aliipa tableti aliyoiunda katika karakana yake ya vyumba viwili kule Mavoko. Reuben alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda ambacho Pauline alipakia sabuni miaka mingi, na siku moja aliacha kazi akasema anakwenda kuunda kitu ambacho mama yake ataweza kununua. Watu walimcheka. Pauline hakumcheka. Naye aliacha kazi, akakodisha kichumba kwenye kichochoro nyuma ya soko la Machakos, akapanga katoni za Kyeni mpaka darini.

Tableti yenyewe, tuseme ukweli, haikuwa ya kuringia. Haikupiga picha. Haikupiga simu. Haikuwa na michezo wala muziki. Ukiiwasha inakufungulia mtandao kwa laini yake ya ndani, unauliza unachouliza, unasoma, unaizima, basi. Lakini bei yake ilikuwa ya mtu anayeuza parachichi na kusomesha kwa jasho, na Pauline aliapa kwamba hiyo peke yake itatosha.

Haikutosha. Ng'ambo ya kichochoro kulikuwa na duka la vioo, na spika mlangoni zinazopasua masikio tangu asubuhi, likiuza tableti za makampuni makubwa ya dunia. Muuzaji wao mkuu aliitwa Bartholomew, kijana mtanashati mwenye ulimi wa asali. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa tu na bidhaa inayojulikana kila mahali, na mabango, na gari la kampuni, na Pauline alikuwa na meza tu.

Wateja walikuja kwa Pauline wakauliza maswali yaleyale. "Iko na kamera?" Haina. "Naeza weka laini nipige simu?" Huwezi. "Sasa hii ni ya kazi gani, mama?" Pauline anaanza kueleza, anaeleza mpaka povu linamtoka, na mteja huku anaitikia, huku macho yako ng'ambo kwenye vioo. Siku za soko alibeba Kyeni mkononi akapita nayo katikati ya nyanya na mitumba. Bartholomew akamwona akacheka.

"Mama Kyeni! Si unajua kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza?"

"Na wewe je, hiyo spika yako inafanya nini kama si kutembeza?" Pauline alimjibu. Watu wakacheka, lakini kucheka si kununua.

Mwezi wa Julai ulipokuwa ukiisha, Reuben alipiga simu. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Pauline, nisikize vizuri. Hao wa makampuni makubwa wanatengeneza tableti za kujaza meli, mimi natengeneza za kujaza meza. Nimeitwa kazi ya mshahara. Mvua ya Oktoba ikianza na katoni zako bado ziko kwa duka, mimi nafunga."

"Na mimi nifanye nini?"

"Si wewe urudi kiwandani? Watakuchukua tu."

Kurudi kiwandani! Kusimama kwenye ule mkanda usiokoma, magoti yanawaka moto, na wale wenzake waliomwambia utarudi, wamsogezee nafasi bila kusema neno. Pauline alifunga mlango wa duka akalia. Alilia kwa hasira zaidi ya huzuni, maana alikuwa na hakika kwamba kitu kile ni kizuri, na hakuna kinachouma kama kuwa na hakika peke yako.

Akijipangusa machozi ndipo alipomkumbuka Kalunde.

Kalunde alikuwa mwenyekiti wa mwethya kule Kathiani, kwao Pauline. Kama hujui mwethya, ni hivi: wanawake wa kijiji wanakusanyika na majembe, leo wanachimba mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia udongo usibebwe na maji, kwenye shamba la huyu, kesho la yule, mpaka kila boma limepata zamu yake kabla ya mvua. Mwenye shamba kazi yake ni kupika. Hakuna kuajiri, hakuna mshahara. Na Kalunde akiamua jambo, kilima kizima kinalifuata. Pauline akapiga hesabu yake: nikimpa Kalunde Kyeni moja ya bure, wanawake wataiona mkononi mwake, kila mmoja ataitaka yake, katoni zitaisha.

Alifika saa ya chakula, wanawake wameketi kwenye kivuli cha mti kando ya mtaro mpya wakila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Aliwaamkua mmoja mmoja, kisha akamkabidhi Kalunde ile tableti mbele ya wote, kwa mikono miwili, kwa mbwembwe.

"Mwaitu, mama yetu, hii nimekuletea. Ni yako."

Na hapo ndipo alipokosea, kosa la mtu aliyekaa mjini mpaka akasahau desturi ya kwao. Ukitaka kumpa mwenyekiti kitu kiwe chake, unakipeleka kwake nyumbani, jioni, mnakunywa chai. Ukikitoa mahali pa kazi, majembe yakiwa chini, umekitoa kwa mwethya, na cha mwethya hakina mwenyewe. Kinashika zamu kama kazi yenyewe. Boma linalolimiwa leo ndiko kinakolala. Kalunde alishukuru, akaifuta kwa leso, akaitia kwenye kyondo, kikapu chake cha mkonge, pamoja na tupa za kunolea majembe. Pauline alishuka mjini akiimba.

Alisubiri wateja kutoka Kathiani. Hakuna aliyekuja. Alichosikia ni kwamba Bartholomew naye amepanda kilimani na gari la kampuni, akatoa tableti yake kubwa inayong'aa, mbele ya wote, tena kwa hotuba. Siku ya pili yake Pauline alifunga duka akapanda mwenyewe kuona.

Zamu ilikuwa imerudi kwa Winfred, mama mpole mwenye shamba la mteremko mkali lisilomalizika kwa siku moja. Pauline aliiona Kyeni yake juu ya jiwe, imefungwa kwenye mfuko wa sukari, kioo kimejaa vidole vya udongo. Ile kubwa ilikuwa kando yake, imelazwa kwenye kitambaa cha mezani kama mgeni wa heshima.

"Mwaitu Kalunde, kwani mnazungusha moja watu wote hawa?" alilalamika. "Sasa nani atanunua ya pili?"

Kalunde hakuinua hata kichwa. "Majembe si tunaazimana tangu tuzaliwe? Umewahi kusikia duka la majembe limefungwa?"

Pauline hakuwa amewahi kusikia, ila hilo halikumwuzia tableti hata moja.

Walipoketi kula, Winfred alimwomba mkaza mwanawe, Linet, awasomee kwenye ile tableti kubwa habari za viwavi vinavyomaliza mahindi. Linet alikuwa na sifa moja inayojulikana: kikiandikwa mbele yake, atakisoma, tena kwa sauti. Basi alikuwa anasoma, viwavi hivi, dawa ile, mara ujumbe ukajitokeza juu ya kioo, naye bila kupumua akausoma nao.

"Dada, yule mbuzi uliyemficha kwangu huku Tala amezaa mapacha. Utawaambia lini hao watu wa mwethya?"

Hata aliyekuwa anatafuna aliacha.

Ni kwamba tableti kubwa, ilipowashwa mara ya kwanza, iliuliza: wewe ni nani? Namba yako ya simu ni ipi? Nayo ikapewa jina la mwenyekiti na namba yake. Tangu siku hiyo kila kilichotumwa kwa Kalunde kiliifuata, kokote ilikolala. Na wiki iliyopita tu, zamu ikiwa kwa Kalunde, alikuwa amewalisha wenzake muthokoi mkavu, akaapa mbele ya Mungu kwamba kwake hakuna hata kifaranga.

"Aiii! Kalunde!" mmoja alipiga makofi. "Mapacha!"

"Na mimi siku yangu nilichinja jogoo wangu wa pekee!" mwingine akafoka. "Jogoo wa kuamsha watoto shule!"

Wengine walicheka mpaka wakalala kwenye udongo, wengine walinuna kweli. Kalunde alisimama, uso umemwiva. Haikuwa kawaida yake kukosa la kusema, na mtu wa namna hiyo akikosa la kusema, hasira ndiyo husema badala yake.

"Hivi vitu virudi mjini! Vyote viwili! Leo hii! Tulichimba mitaro na mama zetu bila hivi vitu, na hakuna aliyeulizwa habari za mbuzi!"

Alizishika zote, kubwa na ndogo, akamtupia Pauline mapajani. Pauline aliona Oktoba imefika papo hapo. Aliona mkanda wa kiwanda. Alitaka kuitetea Kyeni yake, lakini atasema nini mbele ya mama mzima aliyeaibika?

Aliyesema ni Winfred, yule mpole.

"Ngoja kwanza. Hii ndogo nayo imelala kwetu sote. Yenyewe inajua nini juu yetu?"

Wakatazamana. Kumbe swali lilikuwa limemgusa kila mmoja mahali pake. Linet aliichukua, akaiwasha. Ikafungua mtandao, mahali pa kuuliza pakiwa patupu. Akabonyeza huku, akabonyeza kule. Hakuna jina. Hakuna jana. Reuben aliiunda isahau ikizimwa, si kwa hekima kubwa, ila kwa sababu kumbukumbu ya kuhifadhi mambo ingepandisha bei.

"Haina kitu," Linet alisema.

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia, mama. Haina kitu kabisa."

Winfred alishusha pumzi kama aliyetua mzigo wa kuni. "Mimi niliuliza juu ya uvimbe," alisema taratibu, akigusa kifua chake upande mmoja. "Usiku ule ilipolala kwangu mara ya kwanza. Iliniambia niende hospitali nisingoje, nikaenda. Daktari alisema nimewahi. Na asubuhi yake Kalunde ndiye aliichukua. Nilikuwa naogopa amesoma."

"Sikusoma kitu," Kalunde alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Haikuwa na kitu. Mimi niliuliza jinsi mtu anafuata shamba ambalo bwana yake alikufa kabla ya kuandikisha."

Mwingine akasema aliuliza habari za mtoto anayechelewa kuzungumza. Mwingine akasema yeye hatasema aliuliza nini, na wote wakacheka, na kile kicheko kiliwaponya. Pauline alikuwa akiwatazama tu. Miezi yote ile aliuza Kyeni kwa bei, na kumbe hakujua hata yeye anauza nini.

Kalunde alikaa chini. Aliyatazama matope ya miguu yake, kisha akasema, "Mbuzi tutachinja. Nimekubali. Ile kubwa irudi kwa mwenyewe, inamfaa mtu anayekaa peke yake. Ndogo inabaki."

"Mtanunua sasa?" Pauline aliruka.

"Nani amesema kununua? Wewe ulitia kitu kwenye mwethya, kwa hivyo wewe ni wa mwethya. Jembe lako liko wapi?"

Pauline alidhani ni mzaha. Hakukuwa na mzaha. Na hapa, mimi nakwambia, mtu mwingine angeshuka mjini akalie upya. Ni nani atafunga duka lisilo na wateja, wakati siku zimebaki chache, aende kuchimba mitaro ya wenyewe? Lakini Pauline, na hapa ukaidi wake ulimsaidia kwa mara ya kwanza, alienda kununua jembe.

Alichimba Agosti iliyobaki, akachimba Septemba. Siku za kwanza mgongo ulimkataa akawa anashuka ngazi za nyumba yake kinyumenyume. Malengelenge yalipasuka, yakaota mengine. Reuben alipiga simu akakuta upepo wa kilimani na nyimbo.

"Uko wapi?"

"Nachimba."

"Unachimba nini?"

"Mtaro, Reuben. Nitakueleza." Hakuweza kumweleza, kwa sababu hata yeye hakuwa na maelezo. Kyeni mbili tatu ziliuzwa, ndiyo, kwa wale waliochoka kungoja zamu. Winfred alichukua moja. Lakini katoni zilikuwa bado ukutani, na mawingu yalianza kujikusanya upande wa vilima vya Iveti.

Zamu ikawazunguka wote, ikabaki moja. Jioni ile Kalunde alimgeukia.

"Kesho ni wewe."

Pauline alicheka kwa uchungu. "Mwaitu, mimi sina shamba. La baba wamegawana kaka zangu. Nirukeni tu."

"Zamu hairukwi," Kalunde alisema, akaondoka zake.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Pauline alifungua duka akiwa amechoka mwili na roho, akapanguza vumbi kwenye katoni, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya. Spika ya ng'ambo ilikuwa ikiunguruma. Kisha akasikia sauti nyingine juu ya spika, wimbo wa kuchimbia anaoujua sana sasa, na alipotoa kichwa nje aliona kichochoro kimejaa. Walikuwa wamekuja wote. Wamevaa leso za kanisani, vyondo begani, viatu vimepigwa rangi, Kalunde mbele.

"Haya," Kalunde alisema mlangoni, akitazama ndani. "Shamba lako ndilo hili? Mbona dogo hivi? Tuonyeshe mahali pa kuanzia."

Pauline alijipangusa macho kwa kiganja. Alionyesha katoni kwa kidole.

Wakazifungua. Wakagawana kama wanavyogawana mtaro, wewe kutoka hapa mpaka pale. Winfred na wenzake walienda kwenye foleni ya hospitali, wakaketi na wanawake wanaongoja, wakawasimulia polepole. Wengine waliingia sokoni kwa wauza nyanya, wakawaonyesha bei ya siku ile kule Tala na Kangundo, kwa Kikamba, bila haraka. Linet alisimama na wazazi waliokuja kulipa karo benki, akawasomea mitihani ya miaka iliyopita kwa ile sauti yake isiyojua siri. Kalunde mwenyewe alichagua mahali pagumu kuliko pote, mbele ya vioo vya Bartholomew, akawasimulia wapita njia habari za mbuzi wake, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mpaka watu wakashika mbavu. Na baada ya kucheka wakauliza, sasa hiyo isiyosema ya mtu ni ipi?

Bartholomew alitoka nje, akapunguza sauti ya spika ili asikie. Alimaliza kusikiliza, akavuka kichochoro.

"Mama Kyeni, mimi naeza shindana na duka," alisema. "Lakini hii sijui nashindana nayo aje."

"Rudi ukauze," Pauline alimwambia. "Wa kwako watakuja tu. Wa kwangu pia watakuja." Alisema bila chuki, na alishangaa kujikuta hana.

Jua lilipokuwa limesimama wima alikumbuka jambo akashtuka: ni zamu yake na hajapika! Alikimbia kwenye kibanda cha mama mmoja pale nyuma, akaagiza muthokoi sufuria nzima, na nyama, nyingi, akaibeba mwenyewe. Walikula wakiwa wameketi kichochoroni, kwenye katoni tupu walizozilaza chini. Matone ya kwanza yalianza kuanguka, makubwa, yakitoa harufu ya vumbi, na hakuna aliyeinuka.

Simu ililia. Ilikuwa Reuben.

"Pauline, huku Mavoko mvua imeanza," alisema, na alikuwa anatafuta maneno. "Ile kazi wanataka jibu leo. Nilikuwa nataka tu—"

"Waambie hapana. Katoni zimeisha. Kuna watu wameacha majina, na wa Kangundo wamesema tupeleke kwa mwethya wao."

Nyuma ya Pauline mtu alianzisha wimbo na wengine wakadakia.

"Zimeishaje? Hao ni watu gani nasikia? Umeajiri watu, Pauline? Unawalipa na nini?"

Pauline alitazama kiganja chake kilichoshika simu, kigumu sasa kama soli ya kiatu.

"Nilishawalipa," alisema. "Wewe washa mashine."